Marehemu ana deni la jumuiya

Jeneza lilikuwa limeshawekwa chini ya turubai, kitambaa cheupe chenye msalaba kimetandikwa juu yake. Kaburi lilikuwa limechimbwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, nyuma ya nyumba, ubavuni mwa kaburi la mkewe. Kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo ilizokuja nazo na kuanza kuzirudia. Padre hakuwa amefika. Ndipo nikamwona katibu wa jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kila Jumamosi, anapita nyuma ya viti, kaunta buku kwapani, anaelekea walikokaa wafiwa.

Alilifungua mbele ya binti wa marehemu. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, nikaona kila kitu. Kurasa zilipigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: jina, mahudhurio, zaka, tegemeza jimbo, ujenzi wa nyumba ya mapadre, mfuko wa wagonjwa. Majina ya juu na ya chini yalifuatiwa na alama za vema zilizobanana. Jina la Mzee lilifuatiwa na karatasi nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa.

"Dada, pole sana," katibu alisema kwa sauti ya chini. "Ila marehemu ana deni la jumuiya. Bila barua yetu, parokiani hawamtoi padre."

Binti hakulia wala hakugomba. Aliuliza, "Ni kiasi gani, kaka?"

Mjomba wake akachukua simu, akaenda kusimama kwenye migomba, akatuma pesa. Katibu akasubiri ujumbe uingie, akausoma, akaandika risiti. Barua ikaandikwa palepale kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, ikapelekwa parokiani na bodaboda. Haikufika saa tisa padre akawa amesimama mbele yetu na stola yake ya zambarau, tukaanza.

Alihubiri juu ya huruma ya Mungu. Alihubiri vizuri.

## Saa saba na saa tisa

Ilitokea mlimani Kilimanjaro, juu ya Moshi mjini, na parokia sitaitaja, kwa sababu jambo hili si la kwake peke yake. Ukiwa mwenyeji wa huku unazijua habari za aina hii tangu utotoni: fulani kazikwa na katekista, fulani kazikwa na ukoo tu, fulani kanyimwa hata kengele. Tunazisimulia kwa kunong'ona, halafu Jumamosi inayofuata tunawahi jumuiya.

Kilichonikaa kohoni wiki hizi zote ni kitu kidogo. Saa saba, Mzee alikuwa mtu asiyestahili sala za Kanisa. Saa tisa alistahili. Kati ya saa saba na saa tisa Mzee hakutubu. Hakusamehe mtu, hakuomba msamaha, hakukiri imani. Alikuwa amelala kwenye sanduku. Kilichobadilika ni daftari.

Sasa, kama tatizo lilikuwa imani yake, pesa ya yule mjomba imelitatuaje? Na kama halikuwa imani yake, tulikuwa tunamsubirisha maiti juani kwa ajili gani?

Nimewauliza watu wazima hapa kijijini. Wengi wamenijibu, "Ndiyo utaratibu." Hakuna hata mmoja aliyenijibu kwa kumtaja Mungu.

## Nilichokikuta kwenye sheria

Nilikwenda kusoma. Nilitaka kujua kama Kanisa lenyewe ndilo linaloagiza haya, maana kama ni hivyo basi mjadala ni mwingine kabisa.

Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1983 na Papa Yohane Paulo II inaanza na upande wa pili: kanoni ya 1176 inasema waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa kwa mujibu wa sheria. Ndiyo kanuni yenyewe. Wanaokatazwa wametajwa kwenye kanoni ya 1184: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa wazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao na Kanisa kungewakwaza waamini hadharani. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, mlango unafunguka. Pakiwa na shaka, anaulizwa askofu.

Anaulizwa askofu. Si katibu wa jumuiya.

Kuna na kanoni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi. Inaonya kusiwe na upendeleo wa watu, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kwanza.

Wapo walioniambia kwamba asiyekuja jumuiya "amejitenga mwenyewe", kwa hiyo anaangukia kwenye hao waliojitenga. Sikubali. Kujitenga kunakosemwa pale ni kukataa kuwa chini ya Papa au kukataa ushirika na wale walio chini yake. Mtu anayekaa nyumbani Jumamosi asubuhi akisikiliza misa ya Redio Maria na rozari mkononi, huyo amemkataa Papa lini?

Lakini nisome na upande wa wajibu, nisije nikachagua mistari inayonipendeza. Kanoni ya 222 inawadai waamini wasaidie mahitaji ya Kanisa. Padre anakula, paa linavuja, katekista ana watoto. Kutoa ni wajibu na sina ubishi nao. Ila kanoni hiyohiyo, aya ya pili, inawadai waamini haohao waitetee haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe. Aya ya kwanza tumeitengenezea safu nne kwenye kaunta buku. Ya pili haina hata moja.

## Namna Mzee alivyopotea

Jirani yake ndiye aliyenisimulia, siku tulipokwenda kuanua tanga.

Mzee alikuwa anakuja. Alikuja miaka mingi, na benchi la ibada ya nyumba kwa nyumba lilikuwa kazi ya mikono yake. Mke akafariki, mguu ukaanza kumsumbua, kahawa ikawa haimpi kitu. Akabaki na michango ambayo hajaimaliza. Kwenye jumuiya yao, kabla ya sala ya kufunga, mweka hazina husoma majina ya wasiotimiza. Anasoma jina, kiasi, na mwezi. Lake likasomwa. Jumamosi iliyofuata likasomwa tena, watoto wa jirani wapo, shemeji zake wapo.

Akaacha kuja.

Akishaacha kuja, ile safu ya mahudhurio nayo ikaanza kuwa nyeupe. Kwa hiyo siku ya msiba anaonekana mtu aliyekosa yote mawili, mtoro na mdaiwa, mtu baridi. Aliyelifungua daftari siku ile hawezi kuona humo kwamba kosa moja lilizaa jingine, na kwamba lile la kwanza lilikuwa ufukara.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi hata kuliko pesa iliyotumwa migombani. Hatukumpoteza Mzee kwa sababu imani yake ilikufa. Tulimtoa kwa aibu, halafu tukamwandika kwamba ametoka.

Wala daftari hilo haliwasomi watu wote kwa jicho moja. Njoo Desemba. Wanarudi wa Dar na wa Arusha, magari yamepanga hadi barabarani, wengi wao mwaka mzima hawajui jumuiya ya huko waliko inakutana wapi. Mkesha wa Noeli wanalipa vya mwaka kwa mkupuo, majina yanatangazwa, benchi la mbele linapatikana. Siwasemi kwa ubaya; nyumba nyingi za Mungu mlimani zimesimama kwa pesa zao. Ila kama kweli tunachokipima ni ushiriki, hao wangeandikiwa nini?

Na namjua mtu mwingine, vema zake hazina pengo tangu daftari lianze. Mei na Oktoba anaongoza rozari. Shemeji yake mjane analima kipande cha kuazima kule tambarare, na kihamba alichoachiwa na mume kiko mikononi mwa huyo muongoza rozari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke haina nguvu. Injili ya Marko, sura ya 12, inawataja kwa maneno makali wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Huyu bwana akifa kesho, barua yake itatoka kabla maiti haijapoa.

## Mama mdogo alinipinga

Nilikuwa nimefika mahali pa kutaka daftari lichomwe. Nilimwambia hivyo mama yangu mdogo, mwana-WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wa miaka yote, tukiwa jikoni kwake tunamenya ndizi.

Hakunijibu haraka. Akamaliza mkungu uliokuwa mbele yake.

"Mwanangu, mama yako alipolala kitandani, nani alikuwa anamwogesha?"

"Mama zetu wa jumuiya."

"Walikujaje?"

"Kwa zamu."

"Zamu iliandikwa wapi?"

Nikanyamaza.

"Mimi nilipangwa Jumanne na Ijumaa," akasema. "Nakwambia kweli, na Mungu ananisikia. Ile Jumanne ya kwanza sikutaka. Dada yangu nilikuwa sijamsamehe mambo ya zamani, wewe huyajui. Nilikwenda kwa sababu jina langu limeandikwa na sikutaka kusemwa. Nikamgeuza, nikamwosha mgongo, nikaondoka bila neno. Ijumaa nikaenda tena. Ikafika wiki nikawa siwezi kungoja siku yangu. Yule hakufa tuna kinyongo. Sasa wewe niambie, lile daftari lilikuwa la shetani?"

Sikuwa na jibu siku ile, na nilitembea na swali hilo muda mrefu. Maana mimi nilikuwa nimejijengea kwamba kufuata kanuni bila imani ni unafiki, basi, imekwisha. Na huyu hapa, mtu ninayemheshimu kuliko wengi, ananiambia alifuata kanuni bila upendo wowote, na upendo ukaja kwa njia hiyohiyo. Mguu ulitangulia, moyo ukafuata.

Nikakumbuka pia jumuiya zimetoka wapi. Imani ya Kikatoliki ilifika huku mlimani, Kilema mwaka 1890 na Kibosho 1893 na wamisionari wa Roho Mtakatifu, na kwa miongo mingi Kanisa lilikuwa misheni: jengo kubwa kilimani, padre mmoja, watu wanatembea kwenda na kurudi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, ndio walioamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji. Walitaka Kanisa liwe pale watu wanapoishi, majirani wanaojuana, wanaosoma Injili pamoja, wanaojua nani anaumwa na nani hajala. Mama yangu alikufa ndani ya wazo hilo likifanya kazi. Siwezi kulitukana.

## Zamu na deni

Kwa hiyo nimerudi kwenye lile daftari, maana kumbe ni mawili yaliyoshonwa pamoja.

La zamu lilimpeleka mama mdogo kwenye kitanda cha mtu. Lilimweka karibu na mgongo wa dada yake, ambako moyo ungeweza kubadilika. Kama angeendelea kuchukia, angalau mgonjwa angelala safi. La deni linampeleka mtu wapi? Linamleta Jumamosi, linamketisha, linamwandika, linamruhusu kwenda. Kisha linasubiri afe.

Rafiki yangu fundi cherehani, Mwislamu, kibanda chake hakiko mbali na Msikiti wa Riadha pale mjini, nilimsimulia. Alisikitika, akaniambia hata kwao jambo la deni la maiti lipo. Mtume aliwahi kuletewa jeneza, akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa analo, aliwaambia masahaba wamsalie mwenzao, yeye mwenyewe akasita, mpaka Abu Qatada aliposema deni hilo ni juu yake. "Lakini sikiliza," akasema, "lile ni deni la watu. Mtu alikopa kwa mtu, haki ya mtu ipo. Halikuwa deni la msikiti. Na kusaliwa alikuwa anasaliwa." Baadaye, akaongeza, hali ilipokuwa nzuri, Mtume mwenyewe akawa analipa madeni ya wanaokufa bila kitu. Kwao kumsalia na kumzika maiti ni faradhi ya jamii nzima; asipofanya hata mmoja, wote wana dhambi. Kabla sijaondoka akanitajia Sura ya Al-Maun, inayowapa ole wanaosali kwa kujionyesha na kuzuia msaada mdogo wa jirani.

Niliondoka kibandani kwake nikiwaza lile neno la Yesu kwenye Mathayo 23, kuhusu wanaolipa zaka hata ya mnanaa na bizari na kuyaacha mambo makubwa ya sheria. Watu husahau kwamba pale Yesu hakusema waache kulipa zaka. Alisema walipaswa kuyafanya yale makubwa bila kuyaacha hayo mengine. Mama mdogo angefurahi. Na mimi pia nimetulia kidogo hapo: si lazima nichague kati ya daftari na imani. Ninalokataa ni daftari kukaa mahali pa hukumu.

## "Umeshaniandika?"

Binti wa Mzee sasa anakuja jumuiya kila Jumamosi. Anakuja mapema kuliko viongozi.

Nilikwenda siku moja kusali nao. Tulikutana kwa jirani, uani, viti vya plastiki vimepangwa duara, umande bado uko kwenye majani. Somo likasomwa, tukaalikwa kushirikishana. Lilikuwa somo la Farisayo na mtoza ushuru, Luka 18. Yule Farisayo anamhesabia Mungu mfungo wake wa mara mbili kwa juma na zaka ya vyote anavyopata. Mzee mmoja akasema tuwe wanyenyekevu. Mama mmoja akasema tusijikweze. Binti hakusema neno. Alikuwa anamtazama katibu.

Tulipofika kwenye matangazo akamwinamia. "Kaka, umeshaniandika?"

Katibu akamwonyesha alama yake. Akashusha pumzi.

Njiani nilimuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kama anapata kitu katika sala zile. Alisimama.

"Mimi sitaki wanangu waje waulizwe kama nilivyoulizwa," akasema. "Basi."

Kwenye daftari binti huyu ni mwamini mzuri sasa. Atatolewa mfano. Na mimi ninayemjua tangu tukiwa watoto wa komunyo ya kwanza, akiimba kwa sauti inayosikika hadi barabarani, nakwambia sijamsikia akiimba tangu siku ile. Anatimiza. Anatimiza vyote, bila pengo, kwa hofu. Tumemfundisha kwamba Mungu ni mtu anayemtuma karani msibani.

Huyu simwiti mnafiki, na asimwite hivyo mtu yeyote. Mwenye njaa hafanyi unafiki akipanga foleni. Unafiki uko kwetu sisi tunaozitazama vema zake na kusema imani kijijini imeongezeka.

## Hoja niliyoipeleka

Jumamosi iliyopita niliomba nafasi kwenye jumuiya yangu mwenyewe, baada ya sala. Nilisema nataka mambo haya yafikiriwe. Daftari lisiende msibani, kwa sababu yoyote ile. Kama kuna cha kuzungumza na familia, kizungumzwe mtu akiwa hai. Majina ya wasiotimiza yasisomwe mbele ya watu. Na mtu akikosekana Jumamosi tatu mfululizo, wawili miongoni mwetu wapangiwe zamu ya kwenda kumwona, mikono mitupu bila risiti, wamuulize anaendeleaje. Zamu hiyo iandikwe, kwa rula na kalamu nyekundu.

Mweka hazina alisema tukifanya hivyo hakuna atakayetoa, na parokia itatudai sisi viongozi. Ana haki ya kuogopa. Yeye ndiye anayesimama mbele ya paroko. Baba mmoja alisema nimeanza kuwa kama walokole wa mjini. Mama mdogo, ambaye sikujua angeegemea wapi, alisema ile zamu ya kutembelea watu yeye anaomba Jumanne na Ijumaa.

Tulibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe mwenyekiti akasema jambo kama hili haliko kwenye mamlaka ya jumuiya moja, litakwenda kwenye kikao cha Halmashauri ya Walei parokiani, na huko watataka kujua ni nani aliyelileta. Akauliza aandike jina la jumuiya au la mtu.

Nimemwambia aandike langu, kamili.